Mabeseni ya Tate, Frigo ya Mama

Solange mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na baba yako amekusindikiza na ule mwavuli wake ambao hautoshi hata yeye peke yake. Mpaka mrudi, nyumba ni yangu. Sombe ya majani ya muhogo iko motoni, nimekaa jikoni kwenye kigoda, na nimechukua kalamu kwa sababu jana uliniuliza swali nami nikakujibu vibaya.

Ulikuwa unapanga begi lako. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, nikikuletea blanketi, vikwembe, sufuria kubwa yenye mfuniko. Ukasimama katikati ya saloni, chumba chetu cha wageni, ukaziangalia fotei, vile viti vikubwa, ukaliangalia kabati la vioo, ukaviangalia vitambaa vya kufuma nilivyotandika juu ya kila kitu mpaka redio, ukasema: "Mama, hii vitu yote iko ya kazi gani? Batu wanakimbia na mikono mitupu, na siye tuko tunalundika."

Nikakuambia: "Beba sufuria, unyamaze."

Hilo halikuwa jibu. Kesho unakwenda Epulu kutibu wanyama, na mwisho wa mwezi utapokea mshahara. Katika ukoo wetu wewe ndiye mwanamke wa kwanza kupokea mshahara, kwa hiyo swali lako ni zuri, na linakuhusu kuliko unavyofikiri. Mambo ya kila siku sitakuandikia. Kupika unajua, kufua unajua, kusali unajua, na mtu mbaya unamtambua mapema kuliko mimi. Nitakueleza vitu vya kwetu tu, vilivyoingiaje na vilitokaje. Mimi ni muuza vikwembe, vitenge vya kina mama. Maisha yangu yote nimekaa nikitazama watu wanavyojipamba, na jambo hili nalijua.

Tuanze na tate wako, bibi yako mzaa mama. Mama yangu alizaliwa kule juu Djugu, kwenye vilima vya baridi ambako viazi na maharagwe hustawi. Aliniambia kwamba wakati wa mama yake, mwanamke tajiri alijulikana kwa ghala, kwa mbuzi na kwa vyungu vya pombe. Mgeni akiingia uani, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye ghala. Lakini fikiria, mwanangu: mali ile ilikuwa inaoza. Mahindi yakikaa sana yanaliwa na panya, pombe ikikaa sana inakuwa siki. Mtu hakuweza kulundika mpaka mwisho. Ilibidi awaite majirani waje kula, apende asipende. Ndiyo maana wazee wetu wanasifiwa kwa ukarimu. Walikuwa wakarimu kweli, lakini na panya nao walisaidia.

Halafu mabeseni yakaja. Yale ya bati lililopakwa rangi, ya kijani na ya buluu, yenye maua ndani. Beseni halina haja ya kuliwa. Haliozi. Mama yangu aliyaona sokoni akiwa bado msichana, na yakamwingia moyoni. Alipoolewa akaanza: msimu wa maharagwe beseni, msimu wa viazi beseni. Aliyapanga ukutani, moja juu ya lingine, mpaka yakakaribia paa, na kila moja alilitia alama ya doa jekundu chini, kwa rangi ya kucha aliyoipata sijui wapi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kupaka kucha. Mimi nilikuwa nalala chini ya mnara ule nikiogopa utaniangukia.

Alikuwa anajivuna nayo? Sana. Mlango aliuacha wazi makusudi ili wapita njia wayaone. Lakini sikiliza kilichofuata. Kwa kuwa kila mtu aliyaona, kila mtu alijua pa kuyaomba. Kukiwa na harusi, kukiwa na matanga, kukiwa na ubatizo, wanawake walifika asubuhi: "Mama, tunaomba mabeseni." Alikuwa ananuna kidogo, anayatoa, anasema mlivyo hivi mtanivunjia. Yakirudi na jeraha anagomba. Wakija tena, anatoa tena. Yalikuwepo majuma ambayo ukuta wetu ulikuwa mtupu kabisa, na hapo ndipo alipotembea kijijini akinyoosha shingo kupita siku zote.

Babu yako yeye alikuwa wa aina nyingine. Alikwenda Kilo kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na baiskeli. Aliizungushia nailoni kwenye vyuma vyote isichubuke, na njia ikiwa na matope aliibeba begani. Watu walikuwa wanamuuliza, "Leo nani anapanda mwenzake?" Hakumkopesha mtu hata siku moja. Mvua moja kubwa, mke wa jirani alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Wanaume wakaja kumwomba babu yako baiskeli wampeleke maternité akazalie. Babu yako akasema magurudumu hayana upepo, na pompi imepotea.

Mama yangu alikuwa anapepeta maharagwe. Akaacha ungo, akaingia chumbani, akatoka na pompi mkononi mbele ya wote. "Pompi ni hii. Ilikuwa imelala tu."

Usiku ule alilala jikoni, maana baba hakutaka kumwona. Lakini yule mama alifika salama, akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu yako. Basi! Kuanzia hapo kila mgeni aliyekuja kwetu alihadithiwa: "Hii baiskeli yangu, unaiona? Ilizalisha mwanamuke." Alijisifu kwa mtoto yule kuliko alivyowahi kujisifu kwa chuma chake. Mpaka anakufa, aliamini kwamba yeye ndiye aliyetoa ile pompi.

Sasa mimi. Ungefikiri mtoto aliyelala chini ya mabeseni yale angekuwa na akili. Niliolewa na baba yako, nikashuka Bunia, tukapanga hapa Mudzipela. Nilikuwa na meza ndogo ya vikwembe sokoni, na yeye alikuwa anachimba Kilo, anarudi mara moja moja, mwembamba, mwenye macho mekundu. Ng'ambo ya njia alikuwa anakaa Mama Fatuma, mke wa mnunuzi wa dhahabu. Unamjua kama rafiki yangu. Wakati huo hatukuwa marafiki. Tulisalimiana vizuri sana, na kila mmoja alikuwa anahesabu vitu vya mwenzake kupitia dirishani.

Mama Fatuma akanunua mapazia mekundu. Nikanunua mapazia mekundu yenye shanga. Akaleta kabati la vioo, limejaa sahani za maua ambazo hazikuguswa na chakula. Nikakosa usingizi. Ndipo shimo likampa baba yako dhahabu. Unajua wachimbaji wanavyokuwa siku hiyo. Baba yako aliosha miguu yake kwa bia mbele ya watu, usimuulize, atakataa. Akanitumia ujumbe: nikuletee nini?

Ningeweza kusema kiwanja. Ningeweza kusema mabati. Nilisema frigo.

Aliileta imefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, imesimama kama mgeni wa heshima, na njia nzima ikatoka kuangalia. Umeme ulikuwa bado haujafika upande wetu, Solange. Nilikuwa najua. Niliiweka saloni, nikaifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, nikaweka maua ya plastiki juu. Wageni wakija nilifungua mlango wake taratibu, nikatoa fanta, nikawapa. Ilikuwa ya moto. Nao waliinywa, wakasema asante, inaburudisha. Tulikuwa sote tunadanganyana kwa adabu.

Baada ya frigo zikaja fotei na kabati la vioo, na baada ya fotei ukaja ufunguo wa saloni. Hapo ndipo nilipopotea, si kwenye frigo. Frigo ni ujinga tu, na ujinga unachekesha. Lakini ufunguo! Nyinyi watoto wangu mlikula jikoni kwenye moshi, na chumba kizuri kikakaa giza, na fotei zimevaa nailoni. Mimi mwenyewe nilikuwa naingia Jumamosi kufuta vumbi, natoka kinyumenyume. Mama yangu alipanga mali yake ili watu wajue pa kuomba. Mimi nilipanga yangu ili wasithubutu.

Mwaka ule vita vilipofika Djugu na vijiji vikaanza kuchomwa, wewe ulikuwa Kisangani kwa mjomba wako. Uliporudi ulikuta nyumba imebadilika, ukauliza, nikasema tulikuwa na wageni. Sikukueleza zaidi. Sasa nakueleza.

Tate wako alifika asubuhi moja kwa miguu, pamoja na majirani zake wawili na watoto wao. Hakuwa amebeba kitu kichwani. Nyumba yake ilikuwa imeteketea na kila kilichokuwemo, hata baiskeli ya marehemu. Miguu yao ilikuwa imevimba, nguo zimekauka na udongo. Niliwakumbatia, nililia, niliwachemshia maji, niliwapikia bugali. Halafu nikawatandikia jikoni. Wote.

Mama yangu alikula kwanza. Aliposhiba akaelekeza kidole kwenye mlango wa saloni.

"Mule nani anakaa?"

"Hakuna, mama. Ni saloni."

"Haiko mutu ndani?"

"Ni ya wageni."

Akanitazama. "Na siye tuko nani?"

Nikamjibu, na jibu hili nalikumbuka kila ninaposhika ufagio: "Mama, mko na matope."

Akacheka. Afadhali angenipiga. Alicheka kwa sauti, akawaambia majirani zake kwa lugha yetu kwamba binti yake amefuga chumba, na chumba kinakula vizuri kuliko watu. Kisha akajilaza pale jikoni, akasinzia, na hakulitaja tena jambo hilo. Hata kwa jicho hakulitaja.

Siku zikapita wakilala hivyo, miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwingine, na ufunguo uko kwenye sidiria yangu. Nilijiambia watarudi kwao karibuni. Kila mtu alikuwa anajiambia hivyo.

Ndipo akaja Mama Rachel. Alikuwa mwanamke wa kijiji cha jirani kule Djugu, sasa yuko kambini kwa wakimbizi, kwenye hema. Aliingia uani akiwa ameshika beseni la kijani, limeoshwa mpaka linang'aa. Akapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Mama, iko yako hii. Tulikuwa tumeikopa kwa ile harusi. Wakati batu walianza kukimbia, niliweka mutoto ndani, nikabeba kichwani. Yeye naye iko anapona, na beseni iko nzima."

Mama akaligeuza, akaliona doa lake jekundu. Akapitisha kiganja ndani yake, polepole, pale mtoto alipokuwa amelala.

Keshoye akaja mwingine. Baadaye wakaja wawili pamoja. Mmoja alikuwa amekimbia na unga ndani ya beseni, mwingine na nguo za mama mkwe wake, mwingine alilitumia kujikinga na mvua porini. Waliulizana kambini, "Mwenye mabeseni yuko wapi?" wakaambiwa yuko Mudzipela kwa binti yake, muuza vikwembe. Walikuwa hawana chumvi watu wale. Walikuwa hawana viatu. Na walikuja kurudisha. Uani kwangu mnara ukaanza kupanda tena, na mama yangu anagomba: "Hii nani aliichubua? Miliwaambia mutanivunjia!" huku machozi yanamtiririka.

Nilisimama mlangoni pa jikoni nikaelewa. Kila alichokuwa amekihifadhi nyumbani kilikuwa majivu. Kilichopona ni kile kilichokuwa kwa watu. Kilitembea juu ya vichwa vya watu mpaka Bunia.

Sikutoa hotuba. Nilitoa ufunguo kifuani, nikafungua saloni, nikachana nailoni za fotei kwa kisu cha kukatia sombe. Nikasema, "Ingieni." Watoto ndio walioingia kwanza, wakaanza kurukaruka, na fotei ya kwanza ikavunjika mguu jioni ileile. Nililia kidogo chooni kwa ajili ya mguu ule, kwa sababu sipendi kukudanganya kwamba mtu anabadilika mara moja. Halafu nikatafuta tofali nikaweka chini yake.

Frigo nayo ikapata kazi hatimaye. Tulitia ndani unga wote wa watu, na panya wa Mudzipela, ambao hawaogopi mtu wala Mungu, walizunguka nje wakakata tamaa. Majirani wa mama walikuwa wanasema, "Kumbe hii sanduku nyeupe iko na akili." Mimi niliyeiagiza sikuwa nimelijua hilo.

Mama Fatuma aliona yote kupitia dirisha lake. Siku ya pili akavuka njia, na nyuma yake watumishi wawili wamebeba sahani zake za maua, zile za kabatini. Akaziweka chini mbele ya wageni, akanigeukia, mkono kiunoni: "Mama Solange, unafikiri utanishinda?" Ijumaa akaleta wali. Jumapili nikapika kuku. Mashindano yetu hayakuisha, mwanangu, na mpaka leo hayajaisha. Yalipata njia nyingine ya kupita, basi. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Mama naye hakuyaacha mabeseni yapumzike. Yalipofika uani karibu yote, aliyagawa tena kambini: hili la kuogeshea watoto, hili la kulowekea mihogo. Na siku aliyotuacha, Mungu amlaze pema, hatukuhangaika kutafuta vyombo vya matanga. Viliingia vyenyewe, kila kimoja na mtu wake, na kila kimoja kina chakula ndani.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Vitu ni vya kazi. Sikubali kwamba ni vibaya, na sitakubali. Binadamu anapenda aonekane. Bibi yangu alionekana kwa ghala, mama kwa mabeseni, baba kwa baiskeli, mimi kwa frigo. Nyinyi sasa mnaonekana kwenye simu. Binamu yako Dieudo anapiga picha ameegemea gari la mtu mwingine, anaiweka kwenye statut ya simu yake, halafu anatembea kwa miguu kurudi kazini. Mnamcheka. Mimi simcheki sana. Mimi niliwanywesha watu fanta ya moto.

Utakapopokea mshahara wako wa kwanza, nunua kitu. Usione haya. Nunua kitu kizuri, chenye rangi, ukiweke mahali watu watakiona. Ukinunua sufuria, nunua inayozidi tumbo lako. Vikwembe nilivyokupa usivifiche chini ya sanduku vikisubiri sikukuu. Vaa Jumatano, nenda navyo kazini, acha wasichana wa Epulu waulize mama yako anauza wapi. Mtu akija kukuomba kitu, nuna kidogo ukitaka, ni haki yako, hata tate wako alikuwa ananuna. Lakini kitoe. Kuna watakaokosa kurudisha. Mimi nimepoteza vijiko vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nyumba haikuanguka.

Na watakuja wanaume wa dhahabu, wenye mnyororo shingoni na simu mbili mkononi. Sitakuambia uwakimbie, baba yako alikuwa mmoja wao. Ila ukialikwa kwa mtu, usitazame kilichopo saloni. Tazama kama majirani zake wanaingia bila kubisha hodi. Mimi baba yako nilimpendea hilo: siku nilipomkuta chumbani kwake Kilo, shati alilokuwa amevaa rafiki yake lilikuwa lake.

Nasikia mvua imeanza, nanyi bado hamjarudi. Niandike upesi.

Mkiingia, msipige kelele kwamba wezi wameingia. Fatuma anaolewa kesho, unajua, na mama yake amekuja hapa mara tu mlipotoka, mkono kiunoni kama kawaida: "Mama Solange, niko na wageni wa Mambasa, watakaa juu ya nini?" Nilimwambia unaondoka asubuhi, ninataka tukuage vizuri, tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu. Akaziangalia fotei. Nami nikaziangalia. Kisha nikawaita vijana wa motari, wale wa pikipiki, hapo nje, wakabeba fotei zote, kabati, meza, mpaka na mapazia, kwa sababu ya kwake yamepauka na nilifurahi kumwambia hivyo.

Basi saloni ni tupu, nimetandika mkeka mkubwa. Asubuhi kabla gari halijapiga honi tutakaa chini sote, mimi, wewe na baba yako na mgongo wake mbovu, tutakunywa chai, na tutakuombea. Hapo chini patatutosha. Majirani wakichungulia wakauliza viti vyenu viko wapi, wajibu wewe mwenyewe, kwa sauti, ili nisikie kama umenielewa.

Waambie viko kazini.

Mama yako, wa Mudzipela